Kilima Kisicho na Mtu

Kaka yangu Nasiri aliacha kupiga picha za watu mwaka uleule binti yake alipoposwa. Kwa mtu anayekula kwa kupiga picha za watu, hilo si jambo la kupuuza, na mimi sikulipuuza, ingawa mwanzoni nilidhani ni uvivu.

Studio yake na cherehani yangu vinatenganishwa na ukuta wa mbao, hapa Kamembe, mji wa Rwanda unaotazamana na Bukavu, kwenye njia inayoshuka sokoni. Akikohoa namsikia. Nikigombana na mteja ananisikia. Mimi ni dada yake mkubwa, na kwa hiyo nina ruhusa ya kumwambia mambo ambayo mkewe Mugwaneza huyameza kwa adabu.

Simu zimekula kazi nyingi za studio. Siku hizi kila mtu anajipiga mwenyewe, amekunja midomo, na anaona amependeza. Kilichombakia Nasiri ni mabibi harusi na picha za vitambulisho. Kwa hizi za vitambulisho alikuwa na koti moja jeusi, nililomshonea mimi, lililoning'inia kwenye msumari karibu na kioo. Mteja anayetoka shambani au sokoni na fulana iliyochoka analivaa, anakaa kwenye kigoda mbele ya ukuta mweupe, Nasiri anamwambia ainue kidevu kidogo, na yamekwisha. Koti likiwa pana mno, tulilikaza mgongoni kwa pini zangu. Mbele lilionekana la mtu mwenye kazi ya ofisi.

Basi walikuja akina mama wa ushirika mmoja waliokuwa wakipeleka mchele Bukavu. Walihitaji picha za kadi zao za kuvukia mpaka, wakaja wote siku moja, wakicheka, wakipokezana lile koti. Baada ya juma moja gari walilopanda kutoka Bugarama, kunakolimwa mpunga, lilikatika breki kwenye mteremko. Wengi wao hawakufika nyumbani.

Familia zao zilikuja studio moja baada ya nyingine. Hazikuwa na picha nyingine za marehemu, au zilikuwa nazo kwenye simu, watu wamebanana, nyuso nusunusu. Nasiri akazikuza zile za kadi, akazitia kwenye fremu, akazungushia maua ya plastiki kama inavyofanywa, akaandika mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa kufa. Hakuchukua hata senti. Mazishi yakafanywa pamoja, na picha zikapangwa mstari mmoja mbele ya majeneza. Nilikuwepo. Wanawake wale wote, videvu juu, ukuta mweupe nyuma yao, na wote wamevaa koti moja.

Kesho yake asubuhi nililitoa koti kwenye msumari, nikalifumua, vipande vyake nikavitandika kwenye meza yangu ya pasi.

Ugonjwa wenyewe haukuja siku hiyo. Ulikuja polepole. Kwanza akasema kamera ina hitilafu. Akaipeleka Bukavu kwa fundi, fundi akairudisha akisema haina lolote. Kisha akasema taa. Kisha akaanza kuwaambia wateja warudi kesho, na kesho kuwaambia warudi kesho yake, mpaka wakahamia kwa kijana wa upande wa pili wa barabara, anayewapiga wamekunja midomo na kuwapaka weupe kwa kompyuta. Mimi nilimsema sana. Nilimwambia mwanaume mzima anakaa mchana kutwa kwenye kigoda cha wateja akitazama ukuta wake mwenyewe.

Ndipo akaniambia. Akimweka mtu mbele ya kamera na kusogeza jicho, haoni mteja. Anaona fremu. Anaona maua ya plastiki yamemzunguka uso, na chini yake miaka miwili, wa kwanza umeandikwa na wa pili unangoja. Aliyasema hayo bila kulia, kwa sauti ya mtu anayekueleza mahali alipoweka ufunguo. Moyo uliniuma, nami nikamwambia akanywe chai.

Baadaye ikavuka kamera. Akaanza kuziogopa nyuso hata mezani. Uwase, bintiye, akimwekea chakula, baba alizungumza na sahani. Binti yule ni mzuri wa uso na mwepesi wa maneno, na wakati huo alikuwa amechumbiwa na Kalisa, kijana wa vipuri vya pikipiki, ndoa ikiwa imepangwa baada ya Idi. Alitakiwa awe na furaha. Siku moja alikuja kwangu kupimwa gauni, akasimama mikono imenyooka, akasema kwa sauti ndogo:

"Tantine, Papa haniangaliake tena. Nilimukosea nini?"

Nasiri alikuwa ameniapisha nisimwambie, akidai atamwogopesha bure kabla ya harusi. Nilimwambia baba yake amechoka.

Kwetu kuna desturi, na si ya zamani sana, ni Nasiri mwenyewe aliyeianzisha. Alasiri ya siku moja kabla ya ndoa, bibi harusi huja studio na jamaa zake wa kike, anakaa uso wazi, anapigwa picha moja kubwa ya kubaki ukutani nyumbani kwao. Nusu ya nyumba za Waislamu wa Kamembe zina picha ya namna hiyo, na zote amezipiga yeye. Tulimwambia Uwase tutamleta yule kijana wa ng'ambo ya barabara. Akakataa. Akasema wageni wapigwe na yeyote wamtakaye, lakini ile ya ukutani, kama si baba yake, ukuta ubaki mtupu. Mama yake alibembeleza, mimi nikafoka, hakusogea hata kidogo. Ana kichwa kigumu, na najua alikokitoa.

Hivyo ndivyo nilivyompeleka kaka yangu kwenye kituo cha afya, kwa Gasaro. Gasaro ni mwanasaikolojia, msichana mtulivu, anavaa raba na hana haraka ya kusema. Alimsikiliza Nasiri kwa muda mrefu kuliko mtu yeyote wa ukoo wetu aliyewahi kumsikiliza. Mwishoni akamwambia ana kundi la watu wanaokutana Alhamisi, kila mmoja na lake lililomsibu, na dawa yao ni picha. Si za watu. Za nchi. Kila juma unakwenda mahali pa wazi, unasimama hapo mpaka pumzi itulie, unapiga picha moja ya mahali penyewe bila mtu ndani yake, unaichapisha, unaileta, unaeleza ulivyokuwa umesimama. Alimwambia jicho lake limefungiwa na nyuso kwa miaka mingi, lipewe mbali kidogo lipumzike.

Nilimshukuru kwa heshima. Moyoni nilijisemea kwamba sasa serikali inawalipa watu ili kaka yangu akatalii.

Picha zake za kwanza zilikuwa kichekesho. Alikipiga kilima kama anapiga mtu wa pasipoti: kamera wima, kilima katikati, nafasi sawa kulia na kushoto, juu ameacha mahali pa nywele. Nilimuuliza kama alikiambia kiinue kidevu. Hakucheka, ila aliitazama picha tena, na juma lililofuata akalaza kamera.

Alikwenda upande wa uwanja wa ndege kwa sababu pale kuna uwazi. Mlinzi akamfuata kumuuliza anapiga nini. Akasema nyasi. Mlinzi akataka kuziona, akaonyeshwa, akasadiki kwamba ni nyasi, akamshauri ahamie kwingine. Akavuka kwenda kisiwa cha Nkombo kwa mashua. Huko watoto wakamzunguka, wakajipanga mbele yake kwa urefu, wakisubiri wapigwe, naye akageuka akawapa kisogo, akarudi Kamembe bila picha na shati limelowa jasho. Alhamisi ile alimwambia Gasaro kwamba hawezi tena. Gasaro akamwambia hata kurudi mikono mitupu ni kitu cha kueleza kundini, naye akaeleza.

Kisha akapata Gashonga. Alipanda pikipiki mapema, akashushwa penye kona inayotazama kilima cha migomba na mihogo, akasimama hapo asubuhi nzima. Alirudi na picha ambayo hata mimi niliacha sindano nikaitazama. Ukungu ulikuwa umekaa bondeni, migomba ya juu imepata jua, ya chini bado, na mashamba ya maharage yamekatwa vipande vipande kuteremka mpaka mtoni. Hapakuwa na mtu. Aliniambia alingoja mpaka wa mwisho akaondoka njiani.

Tangu hapo akawa mtu wa Gashonga. Nitasema kweli, ilimsaidia. Alianza kulala. Akaanza kula na kuomba tena pilipili. Alinieleza jinsi kilima kilekile kinavyokuwa na rangi nyingine mvua ikikatika, na jinsi akisimama sana anasikia mabega yakishuka yenyewe, na alikuwa akinieleza huku mikono yake inatembea hewani, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu mazishi yale. Gasaro alifurahi. Mimi nilifurahi kwa kiasi, kwa sababu nilikuwa nashona gauni na nilikuwa nalijua jambo moja ambalo hirizi ya kilima haikuligusa. Bado alikuwa hamwangalii mtoto wake. Alikuwa anaweza kukaa juma zima akizungumzia migomba ya watu, na Uwase akipita na kikombe chake anainamisha macho.

"Mulima anaangalia," Uwase aliniambia. "Miye hapana."

Nilimpelekea Gasaro maneno hayo kama yalivyo. Akasema ameliona hilo hata yeye, na kwamba Nasiri amejifunza kungoja watu waondoke, na hilo nalo linaweza kuwa njia ya kujificha. Akasema anatafuta namna ya kumsogeza bila kumsukuma. Nilimkumbusha kwamba Idi haimngojei mtu.

Namna yenyewe ilipatikana bila yeye kuipanga. Tarafa ya Gashonga iliomba kundi lake lilete picha zao Jumamosi ya umuganda, kazi ya pamoja ya wanakijiji, ile ya mwisho wa mwezi, watu wakishamaliza kuzibua mifereji na kukusanyika kwa mkutano. Gasaro alitaka watu waone kwamba maradhi ya moyo yanatibika na kwamba mtu hahitaji kufungiwa ndani. Tukaenda. Mimi nilikwenda kumbebea picha, maana zilikuwa kubwa, na kumbeba yeye mwenyewe pia kama ingehitajika. Tukazitundika ukumbini mwa tarafa kwenye kamba kwa vibanio vya nguo.

Watu wakaingia na majembe yao na matope miguuni. Gasaro akazungumza kidogo kuhusu utulivu, kuhusu jicho na mbali, kisha akawaomba watazame picha kimya kimya na wasikilize miili yao.

Kimya hakikukaa. Mtu wa kwanza kuifikia picha ya Nasiri akasema hilo ni shamba la Hakizimana. Wa pili akasema si lote, kuanzia kwenye mgomba ule ulioinama ni la kina Muhigirwa. Wa tatu akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi, akauliza tangu lini ua wa Hakizimana ukafika pale. Hakizimana mwenyewe alikuwa mlangoni. Kufumba na kufumbua ukumbi mzima umejaa vidole, kila mtu anaonyesha mpaka wake, mfereji wake, ndizi zake zilizokatwa na nani, na yule aliyekuwa akituambia tusikilize miili yetu akalazimika kuamua kesi ya ua.

Nasiri alisimama ameduwaa. Kwa miezi alikuwa amepiga picha za mahali pasipo na mtu. Hakuwahi kukaa kwenye vilima vile, hakujua kwamba huku hakuna kipande cha mlima ambacho hakina mwenyewe, na kwamba wenyeji wakitazama mteremko wanaona majina. Akajaribu kuwatuliza. Akawaambia kwamba hakuwa na nia mbaya, kwamba alipiga mlima tu, hakumpiga mtu yeyote, hakuna mtu humo.

Mwanamke mmoja mzee akawapenya wenzake kwa kiwiko. Anaitwa Védastine. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni Bukavu, alikouza ndizi miaka mingi kabla magoti hayajakataa. Aliweka kidole katikati ya mihogo.

"Na huyu ni nani, kama si miye?"

Tukatazama. Palikuwa na doa la buluu, dogo kuliko ukucha. Nasiri akavaa miwani. Lilikuwa kitenge, na juu ya kitenge mgongo umeinama, na pembeni mkono umeshika jembe.

"Umenipiga mugongo," Védastine akaendelea. "Nilikuona. Ulisimama pale tangu asubuyi sawa mti. Nilizani uko muntu wa kupima mashamba, nikasema nisiinuke, asije akaniuliza maneno."

Nasiri alikaa kwenye benchi. Gasaro akapiga hatua kumwelekea, yeye akainua mkono kumzuia. Nilikuwa karibu naye, niliona jasho likimtoka juu ya mdomo. Kisha akainua uso. Alimtazama yule bibi kuanzia kilemba, akashuka kwenye paji, kwenye macho, kwenye meno yaliyobaki, akakaa hapo. Sijui ulikuwa muda gani. Kwangu ulikuwa mrefu, kwa kuwa nilikuwa nimesahau jinsi kaka yangu anavyofanana akimtazama mtu.

"Na uko muzima," akasema.

Watu wakacheka. Védastine hakucheka, aliliona ni neno lenye matusi.

"Unaona aje?"

Baada ya hapo alidai chake. Alitaka nakala ya picha ile, ijapokuwa mbaya, na alitaka nyingine ya uso, iliyo nzuri, kwa kuwa mpiga picha amempiga bila ruhusa na ana deni la heshima. Nasiri akamwambia nakala atapata, ya uso hawezi. Bibi akauliza kwa nini. Nilitegemea aseme kamera ina hitilafu. Badala yake akamweleza kila kitu, mbele ya ukumbi ule wenye majembe: akina mama wa mchele, mstari wa fremu, maua, miaka miwili. Alisema kwamba akimpiga mtu anamwona amekwisha kufa, na kwamba hataki kumfanyia hivyo mama wa watu. Hata wale waliokuwa wakigombea ua walishusha vidole.

Védastine alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, kwa utulivu wa mtu anayeagiza kitambaa:

"Basi ni hiyo minataka."

Nasiri hakuelewa.

"Hiyo ya maua. Sina foto ingine. Nikikufa, batoto yangu batachukua ile ya carte, bataikuza. Mule niko sawa mwizi bamemukamata. Bantu bote bataniangalia vile." Akajifunga kitenge vizuri kiunoni. "Weye unaona kaburi? Miye pia nalionaka. Nipige ya kaburi, lakini iwe muzuri."

Jioni ile nilivunja kiapo. Nilimketisha Uwase chumbani kwangu nikamweleza yote, kuanzia koti hadi Védastine. Nilipomaliza aliuliza kama hata kwake baba anaona hivyo. Nikamwambia hasa kwake, ndiyo sababu hamwangalii. Hakula usiku ule, akalala mapema, nami sikumsumbua.

Védastine alikuja Kamembe Jumatatu, juu ya pikipiki, amevaa mushanana wake wa sherehe umefungwa begani, na shanga shingoni. Aliniomba nimnyooshee mkunjo mmoja kwa pasi, nikaunyoosha. Kisha akaingia studio, nami nikaingia nyuma yake bila kualikwa.

Nasiri alifunga na kufungua lenzi mara kadhaa bila sababu. Picha za kwanza zilitoka ukungu mtupu. Bibi aliletewa azione, akasema haoni kitu, apige tena. Akapiga. Nyingine ikakata kilemba. Bibi akasema anataka kilemba. Aliulizwa kama amechoka, akasema amechoka ndiyo, lakini kurudi siku nyingine ni nauli. Hakumwonea huruma hata kidogo, na nadhani hilo ndilo lililomsaidia. Sote wengine tulikuwa tunamhurumia tangu mazishi, tukimzunguka kwa kunyata.

Mwisho akaacha kuomba radhi. Nilimwona amesimama nyuma ya kamera, jicho limekaa, pumzi inashuka kama alivyofundishwa kule kilimani. Baadaye aliniambia kwamba fremu ilikuwa pale pale, na maua yake, na miaka yake miwili. Ila safari hii na mteja naye alikuwa anaiona. Hakuwa peke yake nayo. Aliniambia hivyo akiwa anafuta lenzi, kwa sauti ya kawaida.

Picha iliyotoka ni ya mwanamke mzee anayekutazama kama vile wewe ndiye umechelewa. Védastine aliikubali. Alichagua maua mwenyewe, mekundu, akakataa ya zambarau. Chini aliandikiwa jina na mwaka wa kuzaliwa, na pale pa mwaka wa pili akataka paachwe wazi, watoto wake wasije wakasema wamekosa hata kazi ya kuandika. Kisha akapanda pikipiki, akaikumbatia fremu kifuani uso ukitazama nje, akaondoka. Njia nzima ya Gashonga ilimwona anapita na picha ya mazishi yake, na nimesikia kwamba aliwasalimu watu.

Gasaro aliposimuliwa alicheka mpaka akafuta macho, kisha akasema Alhamisi bado ipo na Nasiri asije akajiona amepona. Hakuwa amepona. Wateja wawili waliofuata aliwapiga, wa tatu akamrudisha. Ikawa hivyo, leo ndiyo, kesho hapana. Aliendelea kwenda kilimani. Idi ikaja, ikapita.

Alasiri ya siku moja kabla ya ndoa tulimpeleka Uwase studio kwa desturi. Nasiri hakuwa amesema atapiga wala hatapiga. Alikuwa ndani, amewasha taa, amekaa kwenye kigoda. Alipotuona alisimama kukipisha. Uwase akakaa. Gauni lilikuwa la rangi ya maziwa, nimelishona kwa miezi, na mtandio nimeuachia mabegani ili uso uwe wazi. Mama yake alisimama mlangoni na wale wengine. Mimi nilipiga magoti kupanga upindo, na nikabaki hapo hapo chini kwa kuwa nilikuwa naogopa kusimama.

Nasiri akasogeza jicho kwenye kamera. Akalitoa. Akafuta uso kwa kiganja, akalisogeza tena, akalitoa tena. Alikuwa anatazama sakafu katikati yao wawili. Wanawake mlangoni walianza kunong'ona, na Mugwaneza akawanyamazisha.

Uwase hakuinua kidevu wala hakutabasamu. Alikuwa anamtazama baba yake.

"Papa. Unaiona?"

Kaka yangu angeweza kumdanganya. Mimi ningemdanganya.

"Minaiona," akasema.

"Basi, piga nayo."

Nasiri alimtazama. Si kwenye kamera, alimtazama hivi hivi, kwa macho yake, mtoto wake mzima aliyekaa kwenye kigoda cha wateja, na machozi yakamtoka, wala hakuyafuta. Kisha akainama kwenye kamera akabonyeza. Akabonyeza tena. Akaendelea kupiga hata picha ya ukutani ilipokwisha kupatikana, na hakuna aliyemwambia aache, mpaka Mugwaneza aliposema giza linaingia na binti anahitaji kula.